Siku Mwezi Ulipovuja

Harufu ya unga wa mbao uliolowa hunifanya nitabasamu, tena si tabasamu zuri. Wiki iliyopita nilikwenda Jordbro, huku Uswidi, kule kwenye maghala na karakana, kutafuta mbao za rafu. Nilipopita nyuma ya ghala moja nikakuta rundo la unga wa mbao limenyeshewa mvua, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mama mmoja aliyekuwa akipakia mbao garini akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia hapana, nanusa tu. Akanitazama kidogo, akaendelea na mbao zake.

Asubuhi ileile redio ilikuwa imeeleza habari za mitambo inayopelekwa mwezini kutafuta barafu, huko kwenye ncha zake, ndani ya mashimo yasiyofikiwa na jua. Mtangazaji alikuwa na sauti ya mshangao, kana kwamba jambo lenyewe limezaliwa jana usiku. Nilizima redio. Mimi nililisema jambo hilo nikiwa na miaka kumi, mbele ya darasa zima, na malipo yake yakawa kicheko. Ninyi wa rika langu mliolelewa ugenini mtanielewa nikisema kwamba kuna vicheko ambavyo havizeeki.

Tulikuwa tunakaa Skärholmen, ghorofa ya tatu, katika jengo jipya lililokuwa bado linanuka saruji na rangi. Baba alikuwa ameletwa Uswidi kujifunza mitambo ya simu. Mama na mimi tulimfuata kutoka Tanga, tukashuka kwenye ndege katikati ya baridi tukiwa tumevaa viatu vya wazi. Baba alikuwa na kazi yake ya kiwandani na wenzake. Mimi baada ya miezi michache nilikuwa na Kiswidi kinachonitosha kugombana. Mama hakuwa na kitu. Dukani alinyoosha kidole. Kwenye ngazi, jirani akimsalimia, alitabasamu na kutazama chini. Nami, mtoto mjinga, nilisoma ukimya wake nikaona ni woga. Nilimwonea aibu, nikajiapiza kwamba sitakuwa mwoga kama yeye.

Baba wa Mama, babu yangu, alikuwa muuza barafu. Ukiwa Tanga ya wakati ule ungemjua. Alichukua vipande vikubwa kiwandani alfajiri, akavilaza kwenye mkokoteni juu ya unga wa mbao, akavimwagia unga mwingine juu, akafunika kwa magunia, kisha akazunguka mji mzima na jua la saa sita likimpiga utosini. Wauza samaki walimngoja, wauza sharubati walimngoja, na barafu ilikuwa bado ni barafu. Mimi nilikaa nyuma ya mkokoteni miguu ikining'inia, mikono imekufa ganzi kwa kuiba vipande vya kunyonya. Babu aliniambia kwamba barafu haiogopi joto kama watu wanavyodhani. Inaogopa jua na upepo. Ukiificha na hivyo viwili, itakungoja.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, Warusi walikuwa wamepeleka gari mwezini, gari lisilo na mtu. Baba alinionyesha picha yake gazetini, nayo ilifanana na sufuria kubwa yenye mfuniko juu ya magurudumu manane. Lilikuwa linaendeshwa na watu waliokaa huku duniani mbele ya kioo, kwa mawimbi ya redio. Usiku wa mwezini, ambao ni kama wiki mbili zetu, gari lilifunga mfuniko wake likalala, na kulipokucha likaufunua likaendelea na safari. Baba alieleza yote hayo, lakini mimi sikukubali kwamba hamna mtu ndani. Kwa hesabu zangu mlikuwa na dereva mdogo sana, aliyejifunika mfuniko kwa baridi kama sisi tulivyojifunika mablanketi mawili-mawili. Nilimwonea huruma. Nilipoambiwa kwamba mahali aliposhukia panaitwa Bahari ya Mvua, nikatulia: angalau maji ya kunywa anayo.

Mwalimu wetu tulimwita fröken, kama watoto wote wa Uswidi wanavyowaita walimu wao wa kike, na kwangu mimi hilo ndilo likawa jina lake. Alikuwa na sauti laini na mikono inayonukia peremende. Hakuwahi kunipiga wala kunifokea. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani namsimulia shetani. Alinipenda, alinipenda kama mtu anavyompenda paka wa jirani. Alinishika nywele kila asubuhi.

Darasa letu lilifuata safari za lile gari. Ukutani palikuwa na karatasi ndefu: siku za mwezini zilipakwa njano, usiku ulipakwa buluu. Siku moja fröken alizima taa za darasani, akawasha kurunzi, akaishika pembeni ya chungwa alilokuwa akilizungusha polepole kwenye kijiti. "Hivi ndivyo mwezi unavyopata mchana na usiku," akasema. Sisi tukatazama. Mimi nilikuwa mbele kabisa, na nikaona kitu. Pale juu, kikonyo cha chungwa kilipokuwa kimetoka, palikuwa na kishimo kidogo. Chungwa lilizunguka, lakini mwanga haukuingia mle shimoni hata mara moja. Ulipita juu ukaenda zake.

Nikanyoosha mkono. "Pale juu pana barafu," nikasema.

"Wapi, Saumu?"

"Shimoni. Jua halifiki. Kama kuna maji yaliyowahi kuingia, basi yamekuwa barafu, na bado yapo."

Fröken akawasha taa. Alikuwa anatabasamu. Akaeleza kwamba mwezi hauna maji. Mawe yaliyoletwa na Wamarekani yamepimwa, ni makavu kuliko jangwa lolote, na zile zinazoitwa bahari ni majina tu ya watu wa zamani waliokosea.

"Lakini mawe hayo hawakuyaokota shimoni," nikasema.

Hapo ndipo alipoinama, akanishika nywele, akasema kwa ile sauti yake laini: "Mtoto mzuri, wewe utajua nini habari za barafu? Kwenu hakuna."

Darasa likacheka. Halikucheka sana, na labda waliocheka kwa ubaya hasa walikuwa watatu tu. Lakini masikio yangu yaliwaka moto. Nilianza kueleza habari za Babu na mkokoteni, Kiswidi kikanitoka, nikasema "babu yangu anauza barafu Afrika," na hapo kicheko kikawa kikubwa kweli, mtoto mmoja akaanguka kutoka kitini. Fröken akagonga meza. Ili jambo liishe, akanipa kazi ya kuandika daftarini mara ishirini: Mwezi ni mkavu. Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, akaweka nyota mwishoni mwa ukurasa.

Nilirudi nyumbani na nyota yangu, sikumwambia mtu. Babu hakuwa tena duniani wakati huo. Barua ya kifo chake ilikuwa imetufika kabla theluji haijaanguka, Mama akakaa nayo jikoni siku mbili. Kwa hiyo kicheko kile sikukichukua kuwa changu. Nilikichukua kuwa cha marehemu asiyeweza kujibu. Nikaamua kumjibia.

Nyuma ya jengo letu, upande wa kaskazini, palikuwa na mwamba uliopasuliwa kwa baruti wakati wa ujenzi. Katikati yake palikuwa na ufa mpana unaoingia ndani kama chumba, usioona jua mwaka mzima. Nilichukua maboksi matupu ya maziwa, nikayajaza maji, nikayapanga barazani. Asubuhi yalikuwa matofali. Kilichobaki ni unga wa mbao, na unga wa mbao ulikuwa shuleni, kwenye chumba cha useremala. Tatizo ni kwamba muhula ule nusu ya darasa ilisoma useremala na nusu ushonaji, nami nilikuwa ushonaji.

Ndipo nikamwendea Marjatta. Alikuwa binti wa Kifini, baba yake akifanya kazi kwenye ujenzi, na Wafini wakati ule walisemwa vibaya kuliko hata sisi. Tulikaa dawati moja kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa na mmoja wetu. Alikuwa mkimya, mwenye nyusi nyeupe na nguvu za mvulana.

"Nataka kuweka barafu mpaka kiangazi," nikamwambia.

"Itayeyuka."

"Haitayeyuka. Nahitaji unga wa mbao. Gunia mbili."

Akafikiri. "Na kiangazi tutaifanyia nini?"

"Tutatia kwenye sharubati."

Hilo likampendeza. Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa Marjatta aliomba kufagia chumba cha useremala. Mwalimu wa useremala alimsifu kwa usafi. Unga aliufagilia kwenye mfuko, na jioni tulivuta mifuko na matofali ya barafu mpaka kwenye ufa, juu ya kijigari chake cha plastiki cha kutelezea thelujini. Tulipanga matofali kama Babu alivyopanga: unga, barafu, unga, barafu, na juu kabisa magunia na mawe. Mikono yetu ilinuka misonobari wiki nzima. Mpaka hapo, naapa, nilikuwa na nia moja tu: siku moja ya joto nimpelekee fröken kipande cha barafu mkononi, nimwambie, haya, hii hapa.

Theluji ikaisha, miti ikachipua, na shule ikaanza kujitayarisha kwa siku ya kufunga, ambapo wazazi huja, watoto huimba, na darasa hupambwa kwa maua na matawi. Fröken alitaka darasa letu lionyeshe mwezi. Tuliutengeneza kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga, juu ya wavu wa chuma kama ule wa mabanda ya kuku. Ukawa mkubwa kuliko gurudumu la lori, mtupu ndani, na juu palibaki tundu pana la kuingizia mikono na kufunga waya wa kuutundikia. Tuliupaka rangi ya kijivu ya maji. Gari la Warusi likatengenezwa kwa kopo la dagaa na vifungo vinane vya koti, likabandikwa ubavuni.

Kisha fröken akagawa nafasi. Fulani Jua, kwa sababu nywele zake ni za dhahabu. Fulani Dunia. Hawa na hawa nyota. Marjatta akapewa kazi ya kufungua pazia. Mimi nilikuwa nangoja angalau nyota. Fröken akanijia na shuka jeusi mikononi.

"Na wewe Saumu utakuwa Usiku," akasema. "Utasimama nyuma ya mwezi. Huhitaji hata kupakwa rangi!"

Alicheka. Alidhani ametunga mzaha wa mapenzi. Watoto wakacheka naye. Nikalipokea lile shuka, nikasema asante, na nilipokuwa nalikunja nikatazama juu kwenye dari, pale mwezi ulipotundikwa, nikalikumbuka lile tundu. Moyo ukatulia kabisa. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimependa watu kadhaa, lakini furaha iliyonishika wakati ule, baridi, nyoofu, isiyotetemeka, nimeionja mara chache sana.

Sikumwambia Marjatta. Kisasi kilikuwa changu, cha kwangu na Babu, na sikutaka kugawana na mtu.

Asubuhi ya kufunga shule nilikwenda kwenye ufa kabla watu hawajatoka majumbani. Jua lilikuwa kali tayari, maua ya zambarau ya vichakani yalinukia hadi kichwa kikauma. Niliondoa mawe, magunia, unga, nikaingiza mkono mpaka begani, na vidole vikagusa. Ilikuwa bado ipo! Matofali yalikuwa yamepungua, kila moja limebaki kama ngumi zangu mbili, lakini yalikuwa magumu na meupe. Nikakaa chini nikalia kidogo. Kisha nikafunga matano kwenye magazeti, nikayaviringisha ndani ya shuka la Usiku, nikaenda shule. Mlinzi wa shule alinifungulia. Nikamwambia nimekuja kupanga nguo yangu. Nilipanda mezani, nikayadondosha moja baada ya jingine ndani ya mwezi.

Saa nne darasa lilijaa. Wanaume walivaa tai, wanawake kofia. Chini ya mwezi fröken alikuwa ametandika meza ya kitambaa cheupe, vikombe vya kahawa, na keki kubwa ya krimu na matunda. Baba alikuwa kazini. Mama alikuja peke yake, amevaa gauni lake la kitenge na koti juu, akasimama nyuma kabisa ukutani, mikono imeshika mkoba kama mtu anayengoja kufukuzwa. Mimi nilisimama nyuma ya mwezi nimejifunika shuka, uso tu ukionekana. Wazazi walinitazama, wakanong'ona kwamba napendeza.

Tuliimba. Jua likasema maneno yake, Dunia ikasema yake. Fröken akasonga mbele na fimbo ya kuonyeshea, akaanza kueleza safari ya gari, magurudumu yake, mfuniko wake. Mimi nilikuwa natazama chini ya mwezi. Rangi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi mahali pamoja, doa kama la jasho.

"Na kama sayansi inavyotuonyesha leo," akasema fröken, "mwezini hakuna hata tone la..."

Tone likaanguka kwenye krimu.

Wa mstari wa mbele waliliona. Likaja la pili, la tatu, kisha mchirizi mwembamba wa kijivu, ukipiga keki katikati. Fröken aliendelea kuzungumza maneno mawili matatu bila kuelewa watu wanatazama nini. Mzee mmoja mwenye ndevu akasema kwa sauti: "Fröken, mwezi wako unakojoa."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko, na safari hii sikuwa mimi ninayechekwa. Nilimtazama usoni. Nilitazama wekundu ukipanda kutoka shingoni mpaka kwenye paji la uso. Gari la Warusi likaachia ubavu uliolowa, likateleza, likaanguka kwenye keki likizama hadi vifungo. Kisha kitako cha mwezi kikafunguka, vikamwagika maji, magazeti na vipande vya barafu, vikombe vikapinduka, wanawake wakaruka nyuma wakishika sketi zao. Sikucheka. Nilisimama wima kama Usiku unavyopaswa kusimama, nikala shibe yangu.

Ilidumu labda dakika mbili. Fröken aliinua gazeti lililolowa, akapitisha kidole, akakitazama kidole chake. Kilikuwa na chembe za mbao. Akageuka polepole.

"Marjatta," akasema. "Kila Ijumaa ulikuwa unafagia unga wa mbao. Ulikuwa unaupeleka wapi?"

Marjatta alikuwa bado ameshika kamba ya pazia. Alitazama barafu sakafuni, akaitambua. Kisha akanitazama mimi. Naukumbuka uso wake ulivyokwenda: kwanza kushangaa, halafu kuelewa, halafu kungoja. Alikuwa ananingoja mimi niseme. Nami nilikuwa bado natafuna ushindi wangu, mdomo umejaa. Nilichelewa. Baba yake, mtu mkubwa mwenye suti iliyombana, alivuka chumba kwa hatua tatu, akampiga kofi moja ambalo hadi leo nalisikia.

"Ni mimi!" nikasema. Nilitoka nyuma ya kilichobaki cha mwezi nikaliangusha lile shuka. "Ni mimi niliyeiweka. Barafu ni yangu."

Fröken akanijia, akapiga goti mbele yangu, macho yamejaa machozi, akanishika nywele. "La, Saumu," akasema. "Una moyo mzuri, unataka kumlinda mwenzako. Lakini wewe, mwezi wa Juni, barafu ungeitoa wapi?"

Nikapiga kelele kwamba ni mimi, nikasema habari za ufa, nikasema habari za Babu. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma, wakisema jinsi mtoto yule wa Kiafrika alivyo mwema. Kadiri nilivyojishtaki ndivyo walivyonipenda. Baba wa Marjatta alikwisha mshika mkono, wakatoka. Nililia kwa hasira mpaka pua ikatoa damu. Nilikuwa nimemwangusha adui yangu mbele ya watu wote, na adui mwenyewe alikuwa ananifuta machozi.

Ndipo nikamwona Mama. Alikuwa ametoka ukutani, amepita katikati ya wageni bila kumwomba mtu njia. Aliinama mezani, akachovya kidole kwenye maji ya kijivu, akachukua chembe ya mbao akainusa.

"Saumu," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hii ni kazi ya baba yangu. Iliyobaki iko wapi?"

"Nyuma ya nyumba yetu."

Mama akamshika fröken kifundo cha mkono. Hakumvuta, ila pia hakumwachia. Tukatoka watatu, tukashuka ngazi, tukapita mbele ya majengo huku watu wakitutazama kutoka barazani: Mama na koti lake mbele, fröken akiwa na krimu kwenye mkono wa gauni, mimi nyuma na damu puani. Kwenye ufa Mama alivua koti, akaondoa mawe kwa mikono yake, akafunua magunia. Akauchukua mkono wa fröken akauingiza ndani ya unga wa mbao mpaka kwenye kiwiko. Fröken alishtuka kama aliyeumwa na mdudu. Kisha akautuliza mkono mle ndani, akakaa hivyo muda mrefu.

Mama akanigeukia. "Mfasirie mwalimu wako. Mwambie mwanangu amekosa adabu. Ameharibu kazi ya watu na amemponza mwenzake, Marjatta. Mwambie mimi mama yake naomba radhi, na wewe Saumu utautengeneza mwezi upya kwa mikono yako."

Hapo walikuwepo wanawake wawili, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake ila mimi. Nikamgeukia fröken, nikasema kwa Kiswidi kizuri kuliko nilivyowahi kusema:

"Mama anasema wewe ndiye uliyekosa. Ulisema hatujui barafu, na baba yake alikuwa akiuza barafu kabla wewe hujazaliwa. Mama anasema ukamwombe radhi Marjatta, kisha uniombe radhi mimi."

Fröken akamtazama Mama. Mama, aliyetambua jina la Marjatta peke yake, akaitikia kwa kichwa, mkono kifuani, kwa unyenyekevu wake wote.

"Mwambie mama yako ana haki," akasema fröken. Kisha akanitazama, na safari hii mkono wake haukuja kwenye nywele zangu. "Nisamehe, Saumu."

"Anasema amekusamehe," nikamwambia Mama.

Mama akamkumbatia. Jioni alimweleza Baba kwamba Waswidi ni watu waungwana sana, na kesho yake akanituma nimpelekee mwalimu sahani ya maandazi. Niliyabeba. Mama amefariki bila kujua nilichokifasiri, na sijutii neno hata moja kati ya yale niliyomwambia fröken. Nililipa kicheko kwa kicheko, na radhi nikaipata kutoka mdomoni mwake. Kwa muda wa siku tatu nilitembea Skärholmen kama mtu mwenye mji.

Fröken alikwenda kwa akina Marjatta mchana uleule. Mlango ulikuwa umefungwa. Walikuwa wamekwisha kwenda bandarini kupanda meli ya Ufini, kama walivyofanya kila kiangazi, na Marjatta alikuwa amekwenda na kosa langu shavuni.

Alirudi Agosti. Fröken alimwomba radhi mbele ya darasa zima, kwa maneno mengi mazuri, na Marjatta akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua vitabu vyake akahamia dawati la nyuma. Nilimwandikia vikaratasi. Nilimpelekea kashata za Mama. Nilisimama mbele yake uwanjani nikamwambia nipige, nipige mara mbili, na yeye akanipita pembeni kama mtu anayekwepa nguzo. Hakunisema kwa mtu. Hakuwahi kumwambia baba yake kwamba ni mimi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu nilijua kuwa angetaka, angeweza. Katika vuli tuliambiwa lile gari la mwezini limenyamaza, haliitiki tena. Fröken akaitoa ile karatasi ndefu ukutani, na nikatazama nyuma kuona kama Marjatta anatazama. Alikuwa anachonga penseli.

Baada ya Krismasi akina Marjatta walipata nyumba Tensta, upande wa pili wa mji, kwenye majengo yaliyokuwa ndiyo kwanza yanamalizika. Siku yake ya mwisho shuleni tulikutana tu wawili pale tunapotundika makoti. Baba yake alikuwa anamngoja nje, injini inawaka. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa, nikajibana ukutani apite.

Alivaa kofia. Alivaa glavu moja, kisha akasimama na ile nyingine mkononi, akasema akiitazama glavu:

"Ungeniambia, ningekusaidia."

Akaigeuza ile glavu.

"Ningekubeba begani ulifikie lile tundu," akasema. "Na mimi pia nilikuwa namchukia."

Akavaa glavu ya pili, akasukuma mlango kwa bega, akatoka.